Maji Yaliyopotelea Chini ya Stesheni

Kitu cha kwanza ambacho mgeni yeyote angekiona kwa Paind Khan ni nguo zake nyeupe. Katika kijiji cha Shna Khwara, ambako vumbi la ukame lilikuwa limeingia hadi kwenye unga, yeye alitoka nyumbani amevaa nyeupe hata siku za kazi, na kazi yake ilikuwa kutambaa kwenye matope chini ya ardhi. Wenyeji hawakushangaa. Wachimbaji wa karezi wote huvaa hivyo. Karezi ni mfereji wa chini kwa chini unaoleta maji kutoka mlimani hadi mashambani, na ukimfukia mtu humo ndani, basi sanda yake anayo tayari mwilini.

Wenyeji walijua na jambo jingine. Mchimbaji akiamka asubuhi na kusema, "Leo siendi," hakuna mwenye ruhusa ya kumwuliza sababu, awe mkewe au mkuu wa kijiji. Akilazimishwa na akafa, damu yake iko shingoni mwa aliyemlazimisha.

Paind Khan alikuwa akisema "leo siendi" tangu milozi ilipochanua. Sasa majani yake yalikuwa yanapukutika kwa kiu.

Wakati wa maua alikuwa ameshuka chini ya stesheni. Stesheni yenyewe ilikuwa gofu. Treni ndogo ya moshi ilikoma kupita alipokuwa kijana, reli zilikuwa zimeng'olewa, na ukumbi wa abiria ulikuwa zizi la mbuzi wa Haji Mehrab, mkuu wa kijiji. Lakini chini yake Waingereza walikuwa wamejenga vichochoro vya matofali na birika kubwa la maji ya injini, wakaviunganisha na karezi ya kijiji. Treni zilipokoma, tundu la kuingilia birikani lilizibwa na kusahaulika. Maji yalipopungua ghafla kuliko ukame wenyewe ulivyoweza kueleza, Paind Khan aliyafuata hadi huko ili aone yanapotelea wapi. Hakufika. Paa la matofali liliporomoka mbele yake na nyuma yake, taa ikazimika, akalala gizani kifua kimebanwa hadi Tor Gul, shemeji yake na mshika kamba wake, alipomvuta kupitia upenyo uliobaki.

Udongo alikuwa ameuzoea. Udongo hutoa taarifa kabla ya kuanguka: punje huanza kudondoka shingoni, ukuta hutoa jasho, na mtu hupata nafasi ya kurudi nyuma. Matofali hayakumwambia kitu. Tangu siku hiyo hakuukaribia tena mlango wa chuma alioshukia, ulioko sakafuni kwenye chumba cha pampu cha stesheni.

Hakuna aliyemwuliza. Haji Mehrab alikuja jioni, akanywa chai, akazungumzia mbuzi, akaondoka. Majirani walimletea mkate wa moto. Adabu yao ilimchoma kuliko matusi, kwa maana kila aliyemsalimu alikuwa anatazama chini, na familia moja baada ya nyingine zilipanda lori kwenda kutafuta maisha mjini Kweta.

Asubuhi moja alimkuta mkewe, Zarmina, anafunga mablanketi kwa kamba.

"Sikuulizi sababu," alisema Zarmina bila kugeuka. "Nauliza tu, Baba Spogmai, godoro lako nilifunge pamoja na yetu, au nikuachie?"

"Lori linakuja lini?"

"Kesho, baada ya sala ya Ijumaa."

"Kesho hii?"

"Ndiyo maana nauliza leo."

Paind Khan alitoka nje. Alikwenda stesheni. Tor Gul alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa, tumbo limemlalia mapajani, anatafuna zabibu kavu.

"Bwana harusi huyo!" Tor Gul alipaza sauti. "Mweupe mpaka miguuni. Nani kakufulia, na maji ya kunywa hatuna?"

"Nimezikung'uta tu. Shemeji, nikikwambia kitu utanicheka?"

"Nitacheka. Sema."

"Naogopa."

Tor Gul aliacha kutafuna.

"Unadhani mimi huku juu huwa nastarehe? Siku ile kamba ilipolegea, nilijikojolea nimesimama wima. Watu wakaona chini pamelowa, wakaanza kushukuru Mungu kwamba maji yamerudi."

Paind Khan alicheka, kicheko chenyewe kikitetemeka. "Basi twende wote."

"Mimi? Na tumbo hili? Nikikwama humo ndiyo tumeyaziba maji mpaka Kiama. Nenda wewe. Mimi nitaogopa kwa niaba yako."

Walifungua mlango wa chuma. Wakaishusha taa kwanza, wakasubiri. Mwali haukuyumba wala kufifia, kwa hiyo hewa ilikuwepo. Paind Khan alijifunga kamba kiunoni, akasema bismillahi, akashuka.

Kuanzia hapo hakukuwa na kuongea, kwa sababu sauti kubwa huweza kuangusha paa. Alitambaa hadi mahali palipomwangukia, akapitisha kichwa kwenye upenyo, kisha bega, kisha bega jingine. Tofali moja lilimgusa mgongoni. Akaganda. Moyo ulimdunda masikioni hata akadhani ni hatua za mtu anayemfuata. Alitaka kuvuta kamba, na mkono wake ulikuwa umekwisha kuishika, ndipo aliposikia maji yanaanguka mbele yake.

Alisogea akiwa ametanguliza taa. Mwanga uliangukia birika, pana kama ukumbi wa abiria ulioko juu yake, na nguzo za matofali zilizosimama ndani ya maji meusi. Ubao wa zamani uliokuwa umeziba tundu ulikuwa umeoza. Maji ya Shna Khwara yote yalikuwa yanamiminika humo na kunyonywa na ufa uliokuwa sakafuni, huku njia yao halali ya kuelekea kijijini ikiwa imezibwa na rundo la matofali ya siku ile.

Alitikisa kamba mara mbili kama walivyozoea, na Tor Gul akamtelemshia magunia ya udongo wa mfinyanzi, naye akayavuta moja moja, akayashindilia tundoni kwa mikono na kwa magoti hadi mlio wa maji kuanguka ukakatika. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Maji yalianza kupanda alipolala, yakamfika kifuani, baridi yake ikamkata pumzi. Ilibaki kuling'oa lile rundo, nalo lilikuwa limeegemewa na paa lenye nyufa. Kila tofali alilolitoa, kitu kilialika juu yake. Alijikuta analia kama mtoto, machozi na matope vimechanganyika, lakini vidole viliendelea. Maji yalipomfika kidevuni rundo likaachia ghafla, mkondo ukampita kwa nguvu na kuondoka na taa.

Alivuta kamba kwa mikono miwili.

Tor Gul alimpokea juu, akamfunika kwa shuka lake. "Yamepita?"

"Pale yamepita. Kufika sijui." Meno yalikuwa yanagongana. "Huko kuelekea kijijini pamekauka muda mrefu. Udongo una kiu. Na kama kuna mahali pengine pameanguka..."

Habari ilikwisha kutangulia. Walipofika kwenye mdomo wa karezi, kijiji chote kilichobaki kilikuwa hapo, na Zarmina amekaa juu ya furushi la mablanketi, mtoto wao Spogmai mapajani. Mfereji ulikuwa mkavu, umejaa majani ya milozi.

Jua likapinda. Watu hawakutaka kurudi nyumbani. Haji Mehrab alipiga magoti kwenye shimo la mwisho la hewa la karezi, hatua chache kutoka mdomoni, akainamisha sikio.

"Unasikia nini, Haji?" aliuliza Tor Gul.

"Nasikia tumbo lako."

Vicheko vikapita, vikaisha haraka. Paind Khan hakucheka. Alikuwa amesimama kando, bado amelowa, hana ujasiri wa kumtazama mkewe wala ule mdomo mweusi wa mfereji. Zarmina akasogea, akamshika kiwiko.

"Nyamazeni!" Haji Mehrab aliinua mkono, sikio lake likiwa bado shimoni. "Nyamazeni wote kidogo."

Wakanyamaza, hata watoto, na ndani ya mdomo mweusi wa mfereji majani makavu ya milozi yakaanza kusogea.