Mistari ya Zambarau ya Mbithe

Jirani yangu Mbithe alinisimulia ndoto yake tukipanga viti kanisani, hapa Muthetheni. Aliota matuta ya shamba la mama yake yamegeuka kiondo kikubwa, yanazunguka kilima mpaka mawinguni, meupe na ya zambarau.

"Nilikuwa natembea juu yake miguu mitupu," akaniambia, "na sichoki."

Kiondo chenyewe nilikijua, maana si cha ndoto tu. Mbithe ni karani wa stoo katika kiwanda cha nguo upande wa Kinanie, na analipwa kwa mwezi. Kazi huisha saa kumi na moja jioni, lakini lori la mwisho likichelewa alibaki mpaka saa mbili. Akilingoja, alisuka kiondo. Siku ya kutoka mapema alisuka mstari mweupe akifika nyumbani. Siku ya kukawia, wa zambarau. Hakuwa akiweka hesabu ya kumdai mtu. Alipenda tu vile rangi zinapanda.

Wala hakulalamika. Sisi tumelelewa na mwethya: leo kikundi kizima kinalima kwangu, kesho kwako. Mbithe alidhani kiwanda nacho kiko hivyo, kwamba jioni zake zimewekwa mahali, zitarudi.

Mwezi wa nne mvua ikabomoa matuta ya mama yake. Akamwomba meneja, Bwana Kimeu, ruhusa ya siku tatu akayainue.

"Na stoo nimwachie nani?"

"Lakini mimi nimewapa jioni nyingi."

"Wewe ni wa mshahara, mama. Ovataimu ni ya wale wa mashine."

"Kwani jioni zangu zilienda wapi?"

Kimeu akacheka. "Uliza hiyo kiondo yako."

Usiku huo Mbithe aliomba Mungu sana, maana mama yake anakula kwa huo mshahara, na kumshtaki mwajiri si mchezo. Asubuhi akaenda Machakos mjini kwa afisa wa kazi, Bi. Wagaki. Yule mama akaisoma barua ya ajira.

"Hapa wameandika saa arobaini na tano kwa wiki. Kulipwa kwa mwezi si kuuza jioni zako. Ulikuwa unaandika hizo saa?"

Mbithe akatoa kiondo.

"Ai, mama! Si hii ni ya maharagwe?" akasema mmoja kwenye benchi, na wenzake wakacheka. Lakini Bi. Wagaki akakishika, akakizungusha polepole. "Hii zambarau ni nini?"

Mbithe akamweleza.

"Na lori likitoka, nani anatia sahihi?"

"Ni mimi. Na saa naandika."

Basi Kimeu akaitwa aje na karatasi za malori. Wakaanzia kitakoni mwa kiondo, mstari kwa mstari, na kila zambarau ikapata lori lake. Mmoja tu ulikosa. Mbithe akafikiri, akasema, "Huo utoeni. Siku hiyo uzi mweupe uliniishia." Kimeu akamtazama, akainamisha kichwa, akatia sahihi: saa zote zilipwe, na siku tatu apewe.

Tuliyainua matuta pamoja, kikundi kizima, Mbithe miguu mitupu kwenye udongo mbichi. Siku hizi saa kumi na moja anafunga stoo. Lori la mwisho lina karani wa zamu. Kiondo amekimaliza. Kule juu, karibu na mdomo, ni mistari myeupe mitupu, kama mawingu.