Lugome Haule Hakuwa Mpagazi, Asema Mwalimu wa Lyamkena

Saa nane mchana, siku ya Alhamisi. Jua lipo, joto halipo. Juni ya huku haina huruma na mtu. Jikoni kwa Bibi Juliana Mtweve, hapa Lyamkena, jirani na Makambako, Mwalimu Fidelia Mgaya ameketi kwenye kigoda, karatasi kumi na mbili zimetulia magotini. Bibi anamenya njegere. Mwalimu anasafisha koo, anaanza kusoma.

Hii ndiyo kazi yake baada ya kazi. Asubuhi anafundisha darasa la nne katika shule ya misheni inayopata ruzuku ya Serikali. Mchana anaandika maisha ya watu wa zamani waliotenda makubwa, ili watoto wayasome. Tena ana sharti moja asilolivunja hata kwa mtutu wa bunduki: maisha ya mtu hayatoki mkononi mwake kabla hayajasomwa kwa sauti mbele ya yule aliyeyasimulia.

"Akiguna, naweka alama," anasema. "Akicheka mahali pasipochekesha, najua nimeharibu. Akisema 'haya, endelea', naendelea."

Lakini anayoyasoma leo si maneno yake. Ni maneno ya wakubwa, yameandikwa kwa wino mwekundu juu ya maneno yake, na mwalimu huyu anayasoma kwa hasira.

Kisa chenyewe kilianza mwaka juzi, 1952. Aliwaambia wanafunzi wake hawa hawa, wakati huo wakiwa darasa la pili, wachore mtu mmoja mkuu aliyewahi kuishi duniani. Watoto arobaini na tatu wakachora. Lo! Kofia za Kizungu arobaini na tatu, na buti jozi arobaini na tatu. Mmoja tu, binti mdogo wa Uwemba, aliongeza sharubu.

"Sikuwalaumu," anasema Mwalimu Fidelia, ambaye ana miaka thelathini na minne na amefundisha kwa miaka kumi na miwili. "Kitabu chao cha kusoma kina nahodha wa Kiingereza, jemadari wa Kiingereza na mfalme wa Kiingereza. Tena nakala zenyewe saba, watoto sita wanabanana kwenye kitabu kimoja. Wangemchora nani mwingine? Mimi?"

Ndipo akaanza kutembea. Siku za Jumamosi alikwenda kwa miguu hadi kwa wazee, mara nyingine maili kumi na tano za kwenda tu, akiandika nyuma ya karatasi za mitihani iliyokwisha kusahihishwa. Ila simulizi lililomkosesha raha halikuwa mbali. Lilikuwa kwa jirani yake, Bibi Juliana, Mpangwa aliyezaliwa upande wa Liganga na kuolewa huku.

Bibi alimsimulia habari za Lugome Haule, myeyusha chuma. Watu wa kule walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo na kufua majembe tangu enzi za mababu. Jembe halikuwa la kulimia tu, lilikuwa mahari. Kijana asiye na majembe hakuwa na mchumba, hata awe na sura nzuri namna gani.

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, askari wa Mdachi walikuwa wamechoma nyumba na vihenge vya nafaka. Njaa ikaingia. Wajane walikuwa wakifukua mizizi kwa vijiti, na wengine waliweka mabinti zao rehani kwenye nyumba zenye chakula. Mama yake Juliana alikwisha kubaliana na watu: vikapu viwili vya ulezi, naye awape mtoto. Juliana alikuwa na miaka kama tisa.

Lugome alikuwa na majembe saba ndani, mahari ya mwanawe. Harusi ilikuwa imekaribia. Akayatoa yote saba, akayagawa kwa wajane saba, hakudai mbuzi, hakudai mtoto. Mwenye jembe aliweza kuwalimia wenye chakula akalipwa unga siku ile ile, kisha akalima shamba lake. Mama yake Juliana alipata la tano. Mtoto akabaki nyumbani.

"Mwanawe Lugome alikaa miaka minne bila mke," anasimulia Bibi, akicheka kidogo. "Vijana walimtania mpaka akawa anapita porini. Na baba yake akamwambia, nitakufulia mengine, wewe hufi kwa kukosa mke, wale wanakufa."

Mwalimu Fidelia aliyaandika hayo, akayasoma mbele ya Bibi mara tatu, akayapeleka kwa kamati inayochagua vitabu vya shule. Kamati ilikuwa imewaalika walimu wenyewe walete maisha ya watu mashuhuri. Walialika wao! Hakuna aliyewalazimisha.

Miezi minane baadaye karatasi zimerudi. Barua inasema habari za Lugome Haule "hazina ushahidi wa maandishi". Kwa hiyo wamezirekebisha. Sasa kitabu kinahusu Mzungu mmoja mtafuta madini, ambaye "aligundua" chuma cha Liganga na kuwafundisha wenyeji thamani yake. Aligundua! Chuma ambacho watu walikuwa wakikifua na kuolea wake kabla babu yake hajazaliwa!

Na Lugome je? Yumo. Ukurasa wa saba, mstari wa tatu: "mpagazi mmoja mwenyeji" aliyembebea bwana huyo sanduku. Jina hana.

Hapo chini kuna fomu. Mtunzi anatakiwa kutia sahihi, kitabu kichapishwe nakala elfu tatu kwa shule za jimbo zima, na jalada litakuwa na jina la Fidelia Mgaya. Fomu itoke kwa basi la barua la Ijumaa. Asipotia sahihi, kitabu hakichapishwi, na kamati "itaiarifu idara ya elimu kuhusu mwenendo huo".

Mwalimu mkuu, Yoeli Nyagawa, si mtu mbaya. Ni mtu mwenye watoto saba na hofu ya wakaguzi. Asubuhi ya Alhamisi alimwita Fidelia ofisini.

"Mwalimu, tia sahihi yaishe," alimwambia. "Watoto watapata kitabu kilichoandikwa na mtu wa hapa."

"Kilichoandikwa na mtu wa hapa, kinachosema hapa hapakuwa na mtu?"

"Utahamishwa. Nakuambia kama mdogo wangu. Watakutupa hata nyuma ya Ikonda huko, kwenye baridi inayogandisha maji kwenye ndoo."

"Nimekusikia, kaka," alijibu. "Lakini sharti langu unalijua. Kwanza nikasome."

Ndiyo maana yuko hapa jikoni. Anasoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Bibi haguni, hacheki. Anasoma habari za hema la Mzungu, darubini yake, na ushujaa wake wa kuvuka mto Ruhuhu huku amebebwa mabegani mwa watu. Njegere zinadondoka kwenye bakuli moja moja. Anafika kwa mpagazi, anafika mwisho, anakunja karatasi.

Bibi Juliana anaacha kumenya.

"Hao watu, majembe wameyaweka wapi?" anauliza.

"Hayamo, Bibi."

"Yote saba?"

"Yote saba."

"Na mimi je?" Bibi anaweka bakuli chini. "Maana kama jembe halikuja, mama asingekuwa na la kufanya. Kwenye kitabu chao mimi nilitolewa kwa vikapu viwili. Ndivyo wanavyosema?"

Machozi yanamtoka Mwalimu Fidelia, anayafuta kwa ncha ya khanga, hataki yaguse karatasi.

"Wanataka maandishi!" Bibi sasa amepandisha sauti, hata jirani anachungulia uani. "Waambie waje wanisome mimi. Nimezaa wanane, nina wajukuu ishirini na sita, wote wametoka kwenye jembe la Lugome. Wanataka maandishi gani tena, mwanangu? Tuwachanje wajukuu jina lake mwilini?"

Ijumaa asubuhi Mwalimu Fidelia anatembea hadi Makambako, kwenye maduka machache ya njia panda ambako basi husimama. Fomu iko kwenye bahasha. Mahali pa sahihi ameandika, kwa herufi kubwa alizozoea kuandika ubaoni: SIKUBALI. Chini yake ameongeza kwamba aliyesimulia yu hai, anakaa Lyamkena, na mlango wake haufungwi mchana.

Anamkabidhi utingo bahasha. Basi linaondoka na vumbi lake. Haoni fahari yoyote. Anasema usiku alilia kwa ajili ya zile nakala elfu tatu.

"Elfu tatu!" anasema. "Unajua ni watoto wangapi hao? Nimewanyima kitabu, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Hilo nitakufa nalo. Lakini ningewapa uongo wenye jina langu, ningewatazamaje hawa arobaini na tatu?"

Wenye ofisi zao watasoma barua hiyo wakinywa chai. Labda watacheka. Hawajawahi kufukua mizizi kwa kijiti, wala hakuna aliyewahi kupimia binti zao ulezi. Ni rahisi mno kumfuta mtu ambaye hukumhitaji.

Saa nne amerudi darasani. Watoto wanasimama, wanaimba salamu. Anawaambia wafunge kitabu cha nahodha na mfalme, watoe madaftari. Anawasomea imla, polepole, kila mtoto aandike kwa mkono wake: "Lugome Haule alikuwa myeyusha chuma." Watoto arobaini na tatu wanainama. Mpango wake ni kurasa mbili kila wiki, na kabla ya likizo kila daftari liende nyumbani likasomwe kwa sauti mbele ya mzazi.

Wakati wa mapumziko anaulizwa kama haogopi uhamisho.

"Naogopa sana," anasema, akipangusa chaki mikononi. "Mume wangu yuko hapa, shamba langu liko hapa. Lakini wanihamishe tu. Popote watakaponipeleka kutakuwa na darasa la nne, na Serikali ndiyo itakayolipa nauli ya Lugome."