Moshi Unaoshuka na Mto Mulongwe

Ipo siku moja ya kiangazi ninayoikumbuka kama ya jana, mwanangu, nayo ni siku yako pia, ingawa ulikuwa mgongoni mwangu na hukujua lolote.

Tulikaa mtaa wa Mulongwe, karibu na mto wenye jina hilo, kati ya mlima na ziwa. Kifua chako kilikuwa dhaifu. Moshi kidogo tu, na pumzi yako ilianza kupiga mluzi. Muuguzi alikuwa amenionya: moshi ukija, mwondoe mtoto mapema, usingoje akohoe. Na kiangazi kile mlima uliwaka. Watu walichoma nyasi kavu ili majani mapya yaote, upepo ukawanyang'anya moto.

Kaka yangu alikuwa amenifundisha kutazama picha za setilaiti kwenye simu, zile zinazopigwa kutoka angani kila siku, asubuhi na mchana. Wingu ni jeupe. Moshi una rangi ya majivu yaliyochanganyika na udongo, tena hujivuta kama kitenge kilichoanikwa penye upepo. Vidoti vyekundu ndio moto wenyewe. Nilijua kuzisoma, ila sikumwambia mtu, maana aibu ilinifunga mdomo tangu utoto.

Mchana ule nilifungua picha mpya. Moshi ulikuwa juu mlimani, mkia wake ukielekea upande wa Mulenge, mbali nasi. Nikamshukuru Mungu. Nikamwambia bibi yangu, aliyekuwa uani akichambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwamba tutalala nyumbani bila hofu.

Bibi hakuinua hata kichwa. "Iyo foto walipiga saa ngapi?"

"Mchana huu, Bibi."

"Minye nimelima mu lile bonde la mto tangu nilipoolewa. Mchana upepo unapanda, magaribi unashuka na mto. Foto yako iko ya mchana, mama. Na mutoto atalala usiku."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nilirudi kwenye simu, nikatafuta picha ya asubuhi. Kweli, mbele ya mdomo wa mto palikuwa na ulimi mwembamba wa moshi juu ya ziwa. Ulikuwa umeshuka usiku, kisha mchana ukapanda tena. Halafu nikaona jambo ambalo Bibi asingeweza kuliona akiwa uani. Asubuhi vidoti vyekundu vilikuwa nyuma ya mlima. Sasa vilikuwa vimefika juu kabisa ya bonde letu. Safari hii ulimi usingekuwa mwembamba.

"Twende Songo kwa mama mdogo, upepo wa mto haufiki kule," nikasema, nikikufunga mgongoni.

"Na wale wengine wenye watoto?"

"Watanicheka, Bibi."

"Wakucheke wakiwa Songo."

Nikaenda mtoni, kwa wanawake waliokuwa wakifua. Niliwaonyesha picha zote mbili, nikawaeleza upepo wa Bibi. Mama Riziki, jirani yetu, akapiga makofi. "Kumbe weye uko na sauti! Tulizani Mungu alisahau kukuwekea!" Wakaangua kicheko. Kisha akauliza, "Na moshi usipokuja?"

"Basi mutakuwa mumetembea tu."

Walicheka tena, lakini Mama Riziki alikamua nguo zake upesi akaenda kuchukua wanawe. Wengine wakamfuata, na mzee mmoja mwenye pumu akashikwa mkono.

Jua lilipozama, tukiwa Songo, tuliuona. Ulitoka bondeni polepole, mzito, ukafunika mabati ya Mulongwe moja baada ya jingine hadi hatukuona paa hata moja. Hakuna aliyecheka. Wewe ulikuwa umelala mapajani mwangu, kinywa kimefumbwa, pumzi haina mluzi. Bibi alikutazama, kisha akanitazama mimi. "Mujukuu wangu huyu," akawaambia majirani, akinishika bega. Sijawahi kuvishwa taji, mwanangu, ila nadhani linafanana na maneno yale.

Kwa hiyo nakuusia. Ukionyeshwa picha, hata iliyopigwa kutoka juu ya mbingu, uliza ilipigwa lini na nini kimebadilika tangu hapo. Mwulize pia aliyelima pale, kwani kuuliza si ujinga. Na ukishajua, usikae nalo peke yako. Ujuzi uliofichwa haumponyi jirani. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke, mradi ifike.

Mungu akupe kifua kipana na macho yanayoona mbali. Palipo na hatari ufike mapema, na usifike peke yako.