Kivuli cha Upande wa Kushoto

Siku mchonga funguo alipomwona dobi kwa mara ya kwanza, dobi hakumtazama yeye. Alitazama uchafu uliokuwa mezani kwake. Alikuwa amekuja na kufuli ya kabati iliyopotelewa na ufunguo, akaiweka mezani, akaambiwa asubiri kidogo.

Mchonga funguo alikuwa mtu wa haya. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la rangi na duka la vioo, naye alikipenda hivyo hivyo, kwa sababu wateja walisimama nje na maneno yao mengi yakabaki huko huko nje. Alichonga ufunguo, akaujaribu, akaupiga msasa. Alipoinua kitambaa afute vumbi la shaba lililorundikana chini ya tupa, yule dobi mzee akamshika mkono.

"Usifute, kaka. Ngoja kidogo."

Akatoa simu, akainama, akalipiga picha lile vumbi, kisha akamgeuzia mwenyewe aone. Mchonga funguo alikuwa amelifuta vumbi hilo tangu ujana wake bila kulionea huruma. Sasa aliliona liking'aa kama mchanga wa nchi ambayo hajawahi kufika, na katikati yake alama ya kidole gumba, chake mwenyewe. Akataja bei ya ufunguo.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akamweleza kwamba yeye ni dobi, anapiga pasi nyuma ya stoo ya makaa, na kwamba Jumapili mchana wapo watu wachache wanaokutana kwa kinyozi wa kona kutazamana picha. Aje naye, alete picha moja, hata ya kandambili. Akaaga, akageuka, na bega lake la kushoto likagonga ubao wa tangazo uliosimama pale mlangoni siku zote. Dobi akauomba radhi ule ubao kama mtu. Wote wawili wakacheka.

Macho ya dobi yalikuwa yameanza kumhama wakati ule, taratibu, kutokea pembeni, na hakuna aliyejua, hata mwenye macho.

Kwa kinyozi, Jumapili mchana, pazia lilishushwa na viti vikageuzwa vikatazama televisheni ya ukutani, ile ambayo wiki nzima ilionyesha mpira. Kila mtu alituma picha yake kwenye simu ya kinyozi, na kinyozi akazirusha ukutani moja moja. Walikuwa kinyozi mwenyewe, ambaye alizoea kusema huku mkasi unalia na hata bila mkasi hakunyamaza, mama mmoja muuza mitumba, mwenye kicheko kikubwa kuliko chumba, dada mwalimu wa chekechea, ambaye kila mara alifika na chaki kwenye sketi, na dobi. Picha za harusi zilikatazwa, za machweo zilikatazwa, na za mtu kujipiga sura yake mwenyewe zilikatazwa zaidi. Kinyozi alisema jua linajua kujitangaza, halihitaji msaada wao. Wao walileta kipande cha sabuni kilichobaki kwenye sahani, ndoo zilizopangwa foleni bila wenyewe, nywele za vichwa mbalimbali zilizofagiliwa zikalala pamoja.

Na kulikuwa na sheria. Mwenye picha hana mdomo. Picha yake ikiwa ukutani, yeye hukaa kimya, na wengine husema wanachokiona mpaka waishe. Tena hakuna kuikosoa. Wiki nzima walikosolewa na wateja, na wakubwa wa kazi, na wakwe. Pale walikuja kupumzika. Kosa la mtu lilibaki nje ya mlango pamoja na viatu.

Mchonga funguo alihudhuria miezi bila kutamka neno. Alipeleka picha zake, akasikiliza zikisemwa, akaona aibu na raha kwa pamoja, akarudi nyumbani. Mama wa mitumba alimwita Bubu. Dobi alimtetea, akasema mlango uliofungwa sana ndio wenye kitu ndani, na kwa kuwa huyu ni fundi wa funguo, atafunguka mwenyewe akipenda.

Akafunguka Jumapili ya ile picha ya shuka. Dobi alikuwa amempiga picha binti yake akikunja shuka nyeupe, mikono imenyooka, uso haupo. Upande wa kushoto wa picha, kutoka juu hadi chini, ulisimama weusi mnene usio na umbo. Watu wakatazama. Kinyozi akakuna kidevu. Mwalimu alifungua kinywa, akakifunga. Ndipo ikasikika sauti ambayo wengine hawakuijua, na mchonga funguo akashtuka kuona ni yake.

"Huo weusi ni kama mtu amesimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe. Anawatazama walio ndani. Haingii."

Chumba kikatulia. Mwalimu akasema kwa sauti ndogo kwamba ndivyo, ndivyo hasa, na yeye marehemu baba yake alikuwa hivyo. Mama wa mitumba alifuta jicho kwa pembe ya kanga, kisha, ili asionekane analia, akasema leo Bubu amenena, sasa mvua itanyesha mwezi mzima. Dobi hakusema kitu, maana hakuwa na mdomo. Lakini walipotoka alimshika mchonga funguo mkono, akatembea naye hivyo mpaka kwenye stoo ya makaa, akamwambia kwamba maisha yake yote ameshika nguo za watu na hakuna aliyewahi kumwambia ameona kitu ndani ya kazi yake. Wanaona kama pasi imenyooka, basi.

Mchonga funguo hakulala vizuri kwa furaha.

Baada ya hapo weusi haukuondoka. Ulikuwepo kwenye picha ya mashati yaliyotundikwa, kwenye picha ya paka juu ya meza ya pasi, kwenye picha ya majivu. Mara mwembamba, mara ukala robo ya picha. Kundi liliungoja kama watu wanavyongoja mgeni waliyemzoea. Mwalimu alisema ni mjane. Kinyozi alisema ni deni. Wakambandika mzee jina la Bwana Kivuli, naye akalipokea kwa heshima. Alidhani wanasifu vivuli vya kawaida, maana picha gani haina kivuli? Kinyozi akaanza kuiga, akaleta picha ya kiti chake ikiwa na giza pembeni, na mama wa mitumba akamwambia kivuli chake kinanuka mafuta ya nywele, wizi huo, amwachie mwenyewe.

Wakati huo huo mambo mengine yalikuwa yakitokea, lakini hayakutokea ukutani, kwa hiyo hawakuyatazama. Dobi aliunguza mkono wa shati la mteja, mkono wa kushoto uliolala ukingoni mwa meza, akalaumu makaa. Alimwaga chai. Alimkemea mpita njia kwamba anamtokea ghafla kama mwizi, na mpita njia akaapa kwamba amekuja kwa mguu kama watu wote. Binti yake alilalamika kwamba baba sasa anagombana na miimo ya milango, na miimo inashinda. Mzee mwenyewe alisema ni uzee. Uzee huja na begi lake, na humo ndani hakuna zawadi.

Siku moja ya katikati ya wiki mchonga funguo alifunga kibanda mapema, akamfuata dobi. Alimkuta nyuma ya stoo akijiandaa kupiga picha ya mvuke unaopanda kutoka kwenye suruali iliyolowa. Mpaka siku hiyo hakuwahi kumwona akipiga picha tangu ile ya vumbi la shaba. Walionana Jumapili tu, picha zikiwa zimeshapigwa. Dobi aliishika simu kwa upana, mikono miwili. Vidole vya mkono wa kushoto vikazunguka nyuma, na kimojawapo kikalala juu ya kioo cha kamera, kikatulia hapo.

Mchonga funguo alikiona. Akaona na kwenye simu, upande wa kushoto, weusi ukisimama pale pale unaposimama kila Jumapili. Na mzee akitazama ile picha kwa makini, akiridhika.

Angeweza kunyamaza, kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua zaidi ya kuchonga funguo.

"Mzee," akasema, "kidole."

"Kidole gani?"

"Chako. Kipo kwenye kamera."

Dobi alicheka kidogo. Akatazama simu, akasema haoni kidole. Mchonga funguo akamwambia atazame kushoto. Dobi akageuza kichwa chote, kama kuku anavyoitazama punje, mpaka jicho likafika mahali lilipokuwa haliendi lenyewe. Akakaa hivyo. Mvuke ukaisha kwenye suruali. Kisha akaanza kurudi nyuma kwenye simu, picha baada ya picha, kila moja akiigeuzia kichwa.

"Zote hizi?"

"Karibu zote."

"Tangu lini?"

Mzee hakungoja jibu, kwa sababu alikuwa amefika kwenye ile ya shuka. Aliitazama muda mrefu kuliko zote. Akazima simu, akaitia mfukoni, akachukua pasi, na pasi ilikuwa imeshapoa.

Binti yake alimpeleka hospitali, na mchonga funguo akaenda nao, akakaa benchi la nje. Madaktari waliuita ugonjwa huo presha ya macho. Haiumi, haina kelele. Hula pembeni kwanza, na ubongo hujazia pengo kwa kubahatisha, mtu asijue kwamba sehemu ya dunia imekatwa. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alisema dawa ya matone italinda kilichobaki, kama kitalindika, lakini kilichokwenda hakirudi. Wangekuja mwaka uliopita, wangeongea mengine. Akauliza kama hakukuwa na dalili yoyote, kitu ambacho watu wa karibu wangekiona.

Binti alitoka na majibu hayo, akamkuta mchonga funguo amesimama. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulifanya iwe vibaya zaidi.

"Mwaka mzima mmekuwa mkiangalia macho ya baba yangu yakifa, ukutani, kwenye televisheni, mkipiga makofi," akamwambia. "Mmemvika kilemba cha ukoka, kaka yangu. Na nyinyi ndio watazamaji."

Jumapili iliyofuata dobi hakuja. Kinyozi alishusha pazia, akaliinua, akasema kuna joto. Hakuna aliyetuma picha. Mwalimu alilia waziwazi, akasema aliona, tangu ile ya kwanza aliona kwamba ni kidole, watoto wake wa darasani hufanya vile vile kila siku. Lakini mwenzake alikuwa amesema maneno mazuri namna ile, akaogopa kuonekana mshamba. Mama wa mitumba akasema na yeye pia. Kinyozi alitazama sakafu yake. Mchonga funguo akaelewa kwamba wote walikiona kidole siku ile, ila yeye, na kwamba maneno yake ndiyo yaliyokifunika. Maisha yake yote alikuwa amengoja siku ya kusema kitu watu wanyamaze.

Kundi halikuvunjwa, lilisahaulika. Televisheni ikarudi kwenye mpira hata Jumapili.

Mchonga funguo aliendelea kwenda nyuma ya stoo ya makaa. Dobi hakumfukuza wala hakumlaumu, na hilo lilimkaa mchonga funguo kooni kama mwiba wa samaki. Pasi sasa aliishika binti. Mzee alikunja tu, kwa kupapasa, na mkunjo wake bado ulikuwa umenyooka kuliko wa mtu yeyote. Matone yalitiwa asubuhi na jioni, lakini maradhi yalikuwa yameshakula hadi karibu na katikati. Alisema sasa ni kama kuchungulia kwenye tundu la kufuli. "Kazi zetu zimekuwa moja," akamwambia mchonga funguo, na alipoona mwenzake hacheki, akaacha utani. Simu alimpa binti yake, apokelee oda za wateja.

Kisha yule binti akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo, mji mwingine, mbali. Haingewezekana kumwacha mzee peke yake na makaa ya moto. Vitu vikauzwa, meza ya pasi ikabaki, maana hakuna aliyeitaka. Mchonga funguo aliahidi kuwasindikiza stendi.

Asubuhi hiyo alibeba mabegi, akayatia kwenye buti la basi, akamwona mzee ameketi na binti yake kando. Akakumbuka kwamba safari ni ndefu na hakuwanunulia hata maji. Akakimbia ng'ambo ya barabara. Dukani kulikuwa na watu, na alikuwa mtu wa kungoja zamu yake. Aliporudi injini ilikuwa imewaka, binti ameshuka kugombana na kondakta kuhusu begi moja, na mzee yuko peke yake dirishani, mkono wake umelala nje.

Alikwenda akasimama chini ya dirisha, upande wa kushoto wa mzee. Aliinua chupa ya maji. Mzee alikuwa akitazama mbele, akigeuza kichwa kidogo kidogo huku na huku juu ya umati, akitafuta kwa lile tundu lake. Mchonga funguo alifungua kinywa aseme ni mimi, nipo hapa, na maneno hayakutoka. Miaka yote ya kunyamaza ilikuja ikamkalia kifuani kwa pamoja. Akaiweka chupa kwenye mkono ule. Mzee akashtuka, akaipapasa, akainamisha uso kumwelekea mtu aliyesimama kwenye giza lake.

"Ahsante, ndugu, nani kakutuma? Basi nisaidie na jambo moja, Mungu atakulipa. Kuna rafiki yangu yuko hapa stendi, mtu mfupi, mpole, ana haya sana, hawezi kupita kwenye watu. Ukimwona, mwambie tumeondoka. Mwambie niliomba kiti cha dirishani ili nimwone."