Matunda ya Tui ya Bi Mwanamkasi

Pale Tongoni harusi haikuhesabiwa imetimia mpaka Bi Mwanamkasi binti Mwinyijuma alete matunda yake ya tui: papai, ndizi na embe, vimekatwa vidogo vidogo na kulowekwa katika tui zito lenye sukari na iliki. Nanasi aliliongeza mwenyewe. Mengine yote, alisema, yalibuniwa na marehemu mama yake, Sabiha.

Mwaka 1956 alialikwa harusini Kigombe. Baada ya pilau kikaletwa chano cha matunda. Ukataji ulikuwa ule ule, iliki ile ile, ila mahali pa tui palikuwa na maji ya machungwa. Akaenda jikoni, akamkuta bibi mmoja, Asmahani, anamenya papai.

"Shikamoo, bibi. Matunda haya ulifundishwa na nani?"

"Marahaba. Na wifi yangu, Sabiha. Kaka yangu alimwoa kabla Sabiha hajahamia Tongoni."

Kwa alivyojua Mwanamkasi, mama yake aliolewa mara moja tu. Akasema mama yake naye aliitwa Sabiha, labda ni Sabiha mwingine.

"Alikuwa na kovu la moto mkono wa kushoto," akasema Bi Asmahani.

Kovu hilo Mwanamkasi alikuwa ameliona maisha yake yote.

"Walipata mtoto wa kike," bibi akaendelea. "Akaugua homa, chakula hakipiti. Sabiha akawa anamkatia matunda madogo kabisa, anayalowesha kwa machungwa, ili ameze japo kidogo. Ndipo yalipoanzia. Mtoto hakupona, na ndoa nayo haikudumu. Kwani wewe waitwa nani, mwanangu?"

"Mwanamkasi."

Bi Asmahani akaweka kisu chini. "Na yule mtoto aliitwa hivyo."

Mwanamkasi alirudi nyumbani bila kuaga. Njia nzima hakujua amkasirikie nani, wala kama anapaswa kulia. Baba yake, Mzee Mwinyijuma, alikuwa barazani.

"Baba, mama alikuwa na mtoto kabla yangu?"

"Kwamba aliwahi kuolewa nilijua. Habari ya mtoto hakunambia."

"Na jina langu?"

"Alilichagua yeye. Nilidhani ni la bibi yake."

"Na matunda?"

"Alikuja nayo yakiwa ya machungwa. Mimi nilikuwa na vidonda mdomoni, yakinichoma, nikamwomba anitilie tui. Akalia siku ile. Sikuelewa kwa nini, nikadhani nimemkosea adabu ya jikoni."

Wiki hiyo Mwanamkasi aliombwa matunda kwa harusi ya jirani. Alikata papai, akasimama, akajiuliza kama ni halali kuwalisha maharusi chakula cha mgonjwa. Akakuna nazi, akaliacha tui, akakamua machungwa, kisha akarudia tui. Wageni wakasifu kama kawaida. Yeye hakuonja.

Ijumaa iliyofuata akaenda Kigombe, akamwomba Bi Asmahani amwoneshe kaburi la yule mtoto. Wakapita makaburini polepole, majani yamefika magotini. Bibi akasimama mbele ya mawe mawili madogo, akatazama hili, akatazama lile.

"Ni moja kati ya haya, mwanangu. Macho yangu yamechoka, sina hakika ni lipi."

Mwanamkasi akang'oa majani kwenye yote mawili. Akasoma Fatiha kwenye la kwanza, akasogea, akaisoma tena kwenye la pili, asijue ni kwenye lipi kati ya hayo alikuwa akimlilia nduguye.