Shingo Mupya ya Gidoni

Hapana, mama hakuchezea eda. Shangazi yangu, dada ya baba, mpaka leo anasema mujane mwenye uchungu hawezi kushika kle, ile spana ya baiskeli, na nyundo. Namuheshimu, lakini yeye mule ndani hakuwako. Mimi nilikuwako.

Nikisikia harufu ya mawese imechanganyika na kutu, narudi palepale: saloni yetu ya Rumonge, baiskeli ya baba iko imeegemea ukuta. Shingo ya gidoni, kile chuma kinashikilia usukani, ilivunjika ku muteremko wa Kizuka, baba amepakia bidoni za mawese. Tulimuzika siku ileile. Sikulia. Nilikuwa naona midomo ya watu inacheza tu, sauti hapana.

Mujane akiwa mu eda hatoki, na mwanaume wa nje haingii. Basi baba mudogo, mwenye kutengeneza mabaiskeli, alileta shingo mupya, akaisukuma chini ya pazia, akabaki ku baraza anapiga makelele:

"Shemeji, legeza buloni, usiitoe! Halafu gonga juu yake!"

"Nimegonga."

"Gonga kama unanipiga mimi!"

"Ungekuwa wewe, ingekuwa imetoka zamani."

Ku baraza walicheka. Mimi nilikuwa naangalia nyundo tu. Mama alimimina mawese mu kutu, akabana gurudumu la mbele mu magoti, akazungusha gidoni huku na huku, mpaka shingo ya zamani ikalia, ikatoka. Akaingiza ile mupya. Akasimama karibu yake, akapima ku tumbo lake, akaishusha chini, chini kabisa, akakaza.

"Mama, iko chini sana," nikamuambia. "Baba ni murefu."

Mukono wake ulisimama ku kle, halafu ukaendelea kukaza. Nilikasirika sana: udongo wa kaburi haujakauka, yeye ameshasahau kimo cha mume wake!

Eda ilipoisha, alijifunga kitenge, akafunga bidoni nyuma, akapanda. Vijana wa barabara ya Minago walimuzomea. Hakuangalia mutu. Tulikula, tukasoma.

Nilichelewa sana kuelewa. Siku ile, mu nyumba yote, mama peke yake ndiye alikuwa ameshajua kama baba harudi.

Sasa wewe dada unayenisikiliza, mume wako akikufa leo, gidoni utaipima ku kimo cha nani?