Nilimpima Rafiki Yangu kwa Kijapani, Ukutani mwa Jiko

Mwaka niliokosea ni ule tulioacha maziwa ya Saudia tukaanza kunywa ya Uturuki. Ndio mwaka Saudia ilipofunga mpaka; aliyekuwa Doha anaujua. Asubuhi rafu tupu, baadaye zimejaa pakiti za maandishi mageni, na kila jikoni watu wanaonja na kubishana: haya mazito, yale yalikuwa matamu. Mji mzima ulikuwa unalinganisha. Lakini wenzangu walilinganisha maziwa. Mimi nililinganisha watu, na kosa ni langu, sio la shetani wala la mjukuu wangu.

Jina langu liacheni. Mimi ni nyanya kutoka Taveta, shule niliishia darasa la tatu, na Qatar nilikuja kwa binti yangu ambaye ni nesi. Tulikaa Muaither, kwenye nyumba kubwa iliyokatwakatwa vyumba, familia mbili jiko moja.

Upande wa pili alikaa mama wa Uganda, rika langu, amekuja kulea wajukuu. Tulimwita Jaja, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Kiswahili alikiokota sokoni Busia, Kiingereza alikisoma shuleni kunipita mimi, na matoke yake, nyie! Sikuwa na rafiki mwingine nchi ile yote. Binti yangu akiwa zamu, joto likitufungia ndani, mimi na Jaja tulikunywa chai kuanzia saa nne mpaka adhana ya alasiri. Aliniambia mambo yake yote. Nami nikamwambia yangu, yale mazuri.

Mjukuu wangu, tumwite Neema, alikuwa akisafisha vyumba kwenye hoteli moja West Bay. Mama mmoja wa Kijapani aliyekuwa akikaa pale na mumewe alimpenda, akaanza kumfundisha lugha yao. Na mapokezi walikuwa wanatafuta mtu wa kuongea na wageni wa kule. Neema akajitosa mzima mzima.

Likafika somo la kulinganisha. Mwalimu akamwambia kila siku aandike sentensi moja kuhusu vitu vya nyumbani, aibandike ukutani. Neema anarudi amechoka, kichwa hakina kitu, ananiambia, "Shosho, nipe vitu viwili."

Akanieleza inavyokwenda. Unamtaja anayeshinda, kisha anayeshindwa, halafu huyu aliyeshindwa unambandika neno *yori* mgongoni, na sifa yenyewe inakuja mwisho kabisa. Chai ikiishinda kahawa kwa utamu, *ocha wa koohii yori oishii*. Na aliyewashinda wote ni *ichiban*. Hilo nililipenda papo hapo. Nikasema Neema *ichiban*, akacheka mpaka akakaa chini.

Mwanzo nilitoa sentensi za heshima. Maziwa ya Uturuki ni mazito kuliko ya Saudia. Nje ni moto kuliko jikoni. Zikabandikwa kwenye friji, mlangoni, juu ya sinki. Jaja akapita, akayatazama yale maandishi kama nyayo za kuku, akasema ni mapambo mazuri.

Nikajiambia, kumbe! Kama yeye hasomi, na Muaither nzima haisomi, basi ukuta huu ni wangu.

Jaja anaongea kuliko redio. Visigino vya Jaja ni vigumu kuliko sufuria. Mchuzi wa Jaja ni mwepesi kuliko maji ya kuoshea vyombo. Huo mchuzi ni uongo, mchuzi wake wa karanga mwiko unasimama wenyewe, lakini siku hiyo binti yangu alikuwa ameomba kuongezwa mara mbili na wangu umebaki. Neema anaandika huku ameshika mbavu. Kesho yake Jaja anasimama chini ya karatasi yake mwenyewe ananipigia hadithi, na mimi nageuza chapati tumbo linacheka.

Sasa Jaja alikuwa na mjukuu mkubwa, Isaac, mlinzi, anayeishi kwenye makambi ya wafanyakazi kule Sanaiya na kuja kula kila Ijumaa. Siku moja Jaja aliniambia, sauti chini, kwamba Isaac ameanguka mtihani wa udereva mara ya tatu, na kwa haya hapigi simu nyumbani. Akalia kidogo. Nikamshika mkono nikamwambia Mungu yupo.

Jioni ile ile nikampa Neema sentensi: Neema ana akili kuliko Isaac. Isaac ameanguka mara tatu.

Neema akaweka kalamu chini. "Shosho, hiyo hapana. Huyo ni Isaac."

"Andika. Ni nani hapa atasoma?"

Akaandika. Nikaibandika kwa mkono wangu juu ya jiko, upande wa Jaja, maana pale ndipo palibaki nafasi.

Nyinyi mmeshaona inakokwenda. Mimi sikuona.

Ijumaa moja baada ya kanisa, maana kanisa letu kule ni Ijumaa, Neema akamwalika mwalimu wake chakula. Jaja alikuwa amemenya matoke tangu alfajiri kwa ajili ya mgeni wangu. Mgeni wangu mimi! Na zile karatasi tulikuwa tumezizoea hata hatuzioni tena. Mwalimu akaingia jikoni, akaona ukuta, akapiga makofi kwa furaha. Akaanza kusoma kwa sauti, na kwa adabu ya kwao kila akimaliza anamfasiria Jaja kwa Kiingereza, kwani Jaja ndiye aliyesimama karibu.

Kiingereza changu ni cha salamu, lakini uso naujua kuusoma. Redio, Jaja akacheka. Visigino, akatazama miguu yake. Maji ya vyombo, akatazama mchuzi. Kisha mwalimu akafika juu ya jiko, akaanza, akakata katikati. Mwalimu sio mjinga. Lakini Jaja alikuwa ameshasikia jina la Isaac, akamwomba amalizie.

Akamalizia. Isaac alikuwa sebuleni na sahani mkononi, mlango wazi.

Jaja akaibandua karatasi polepole, akaikunja mara nne, akanigeukia.

"Nilikuambia habari za Isaac kwa sababu nilidhani unanisikiliza. Kumbe ulikuwa unapima."

Hakupaza sauti. Heri angenipigia kelele.

Wiki tano! Nikiingia jikoni, anatoka. Nakuta sufuria bado ya moto, mpishi hayupo. Chai ya saa nne nikainywa peke yangu, na chai ya mtu mmoja haina ladha hata umwage sukari yote. Nikafika mahali pa kuongea na mashine ya kufulia. Neema akabandua karatasi zote na hakuniomba tena vitu viwili.

Kisha akaipata ile kazi ya mapokezi. Nilitoka mbio na habari mdomoni mpaka jikoni, nikasimama pale. Hakukuwa na wa kumringia! Mimi, niliyemtangaza mtoto huyu kwenye ukuta mzima, nilikosa sikio moja la kunipongeza. Siku hiyo nililia.

Bibi wenzangu, wasifuni wajukuu, mmewapata kwa shida. Lakini ukitaka wako aonekane mrefu, usimchimbie wa mwenzako shimo asimame ndani. Siri uliyopewa kwa machozi sio futi ya kupimia watoto. Na lugha unayodhani hakuna anayeijua, mwenyewe yupo, tena anaweza kualikwa chakula jikoni mwako.

Nilibisha mlango wa Jaja Ijumaa iliyofuata siku ile niliyolia, na chapati zimefunikwa. Nikaanza na Isaac, mbele ya bibi yake: nilikukosea, mjukuu wangu. Akasema yamepita, huku anaangalia sakafu. Jaja akachukua chapati zangu akaziweka mezani, akaleta na matoke yake akayaweka kando ya chapati, akavuta kiti mbele yangu. Neema alikuwa amesimama mlangoni.

"Haya, bingwa wa kupima," Jaja akasema. "Onja zote mbili utuambie ipi inaishinda mwenzake."

Nikiitaja yangu, nimerudi ukutani. Nikiitaja yake, atajua namdanganya, maana chapati zangu anazijua.

"Sichagui. Nimekuja kula."

"Utachagua. Uliandika ukuta mzima, sahani mbili zitakushinda?"

Nikanawa mikono, nikavuta sahani zote mbili kwangu.

"Sichagui. Nimekuja kula."